Kesho Asiyoiona Mwanafunzi



Miongoni mwa vijana wetu wa Kizwite wanaosoma vyuo vikuu vya Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam imeenea kauli hii: "Tusome kwa ajira ipi? Riziki ameshaiandika Mola." Kauli hiyo imevaa joho la imani, lakini ndani yake mna kukata tamaa.

Mwaka 1999 wanasaikolojia wa Marekani, Philip Zimbardo na John Boyd, walitoa kipimo cha maswali 56 kuhusu namna mtu anavyoutazama wakati. Wapo wanaokaa na yaliyopita, kwa uchungu au kwa furaha. Wapo wanaofuata starehe ya leo. Wapo wanaojiona hawana la kuamua. Na wapo wanaoitazama kesho. Hao wa mwisho ndio walioonekana kutumia saa nyingi zaidi kujisomea. Basi uvivu wa masomo mara nyingi si upungufu wa akili. Ni kutoiona kesho.

Wala tusiseme kuitazama kesho ni jambo la kigeni. Mkulima wa Ufipa, mvua zikielekea ukingoni, huzika nyasi ndani ya matuta ya mviringo, yaani ntumba, zioze. Msimu unaofuata huyatawanya akapanda ulezi. Mvua ya mwakani haijui, wala hajaahidiwa. Hata hivyo huzika nyasi, kwa kuwa kuzika ni kazi yake na mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Hiyo ndiyo tawakkul: kufanya sababu kwanza, kisha kumtegemea Mola. Anayeacha jembe akingoja kadari hajategemea, ameacha tu.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Tusiwaahidi watoto ajira tusiyoweza kuitoa. Tunapowapigia simu, tumezoea maswali mawili: "Mkopo umeingia?" na "Utamaliza lini?" La kwanza humfunga kijana katika leo, la pili humpeleka mbali asikoweza kuona. Tuulize lililo kati yake: wiki hii unasoma nini, na kazi ipi unaikabidhi siku gani? Kisha wiki inayofuata tumuulize imekwendaje. Kesho iliyo karibu kiasi hicho kila kijana anaweza kuiona, na anayeiona huamka akaifanyia kazi.

Wabillahi tawfiq.