Kamera Kilo Tatu, Mbebaji Mwingine: Mastaa Wanavyowauzia Vijana Mzigo

Kuna dada mmoja wa mjini, jina linahifadhiwa, anayeishi kwa kupiga picha na kupigwa picha. Msimu wa korosho uliopita alishuka Kusini kula bata. Kilwa siku tatu, kisha Lindi, kisha Mtama kusalimia ndugu wa mtu wake. Akarudi Dar na picha kama thelathini, akazimwaga mtandaoni, watu wakamwaga makopakopa. Mwisho wa albamu akaweka picha ya kamera yake na ujumbe kwa vijana: ukitaka kusafiri kisasa, nunua kama hii, punguzo lipo kwa anayetaja jina lake dukani.

Sasa zile picha ziangaliwe vizuri. Dada mbele ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Dada ukutani Husuni Kubwa. Dada na gauni la njano Songo Mnara. Mji ambao Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331, magofu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yote yamegeuka pazia la studio. Mvuvi hakuna, jahazi hakuna. Na Mtama? Picha moja tu, dada kaegemea gari barabarani.

Kitu kingine hakionekani kabisa: begi. Songo Mnara maji yakitoka, mashua inaishia mbali na watu wanashuka kutembea majini. Dada alishuka mikono mitupu. Begi la kamera lilipanda kichwani kwa dogo mmoja wa hapohapo, na miguu mitatu ya kamera juu yake, kwa shilingi elfu tano. Wanaosimulia wanasema dogo aliuliza swali moja tu.

“Dada, hizo picha na mimi nitaziona?”

“Utaziona, mdogo wangu. Nifuate tu Insta.”

Dogo anatumia kitochi.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wote. Kamera nzito ina sifa moja ambayo matangazo hayaitaji: mara nyingi haibebwi na mwenyewe. Na kijana wa kawaida anayeambiwa aige hana wa kumbebea.

Tuweke kwenye mizani

Achana na maneno, mizani haina ushabiki. Canon 5D Mark IV na betri yake ni gramu 890. Lenzi yake ya 24-70 ya daraja la juu ni gramu 805. Ile lenzi nyeupe ya 70-200 ambayo mastaa wanapenda ionekane, toleo la pili, ni gramu 1,490. Jumla inapita kilo tatu, na hapo begi, chaja na miguu mitatu havijaguswa. Ni sawa na kutembea umebeba pakiti tatu za sukari shingoni, kwenye jua la Kilwa la saa saba mchana.

Upande wa pili, Sony RX100 VII ni gramu 302. Canon G7 X Mark III ni gramu 304. Ricoh GR III ni gramu 257. Hizi zinaingia mfukoni au kwenye kipochi cha kiunoni. Mtu anapanda nayo basi la Masasi, anashuka Mtama, anarukia bodaboda kuelekea Rondo, na hakuna anayejua kama ana kamera mpaka aitoe.

Tofauti siyo uchovu wa bega tu. Mwenye kilo tatu anachagua mapema sehemu mbili tatu za kusimama, anapiga, anarudi garini. Mwenye gramu 300 anatembea nayo kutwa. Anapita soko la samaki Kilwa Kivinje, anakaa kwa mama ntilie Nangurukuru akisubiri gari la Masoko, anaongea na watu. Na watu wakielekezewa lenzi ndefu kama bomba wanabadilika, wengine wanageuza uso, wengine wanataka kulipwa, na wala hawajakosea. Ukiwa na kamera ndogo unaomba ruhusa, unapiga, unaonyesha kioo, mnacheka wote.

Kusini walishabeba vya kutosha

Kwa watu wa Lindi hili jambo lina historia, na haichekeshi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dainosaria kule Tendaguru, mkoani Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilitoka pale. Hakukuwa na lori. Zilitoka juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, safari ya siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, kisha meli mpaka Berlin. Mnyama mmoja aliyeundwa kutokana na mifupa hiyo amesimama kwenye jumba la makumbusho huko, urefu wa zaidi ya mita 13, na dunia nzima inapiga naye selfi.

Picha za kazi ile zipo. Wapagazi wanaonekana kwenye mistari, mizigo kichwani. Majina? Machache sana, kama la msimamizi Boheti bin Amrani. Wengine wote wamebaki migongo tu kwenye picha za watu wengine.

Miaka zaidi ya 100 imepita, na staa wa Kibongo, siyo Mjerumani, anashuka pwani ileile na mzigo uleule wa kubebeshwa watu wasiotajwa. Angalau Wajerumani walikuwa na mifupa. Huyu kabeba lenzi ya kupigia kope zake.

Mkopo wa kikoba kwa ajili ya kiki

Madhara hayaishii kwa dogo wa begi. Pale Mtama kuna kijana ana kibanda cha picha za pasipoti na kazi za harusi ndogondogo. Aliona posti ya dada, akachukua mkopo wa kikoba kwa mgongo wa mama yake, akanunua mashine kubwa iliyotumika na lenzi moja. Ndoto yake ilikuwa kuzunguka vijijini msimu wa korosho, apige watu mashambani na minadani, afungue ukurasa wa Kusini unaoonyesha Kusini.

Leo ile kamera ipo kabatini. Kwenye boda haikai, vumbi linaitia hofu, na akiivaa shingoni usiku anajiona kama kavaa tangazo la “niibieni”. Inatoka siku ya harusi tu, na harusi siyo kila wiki. Marejesho ya kikoba yanataka kila wiki. Kamera nusu ya uzito na nusu ya bei ingekuwa barabarani kila siku ikimtengenezea jina.

Dada aliyemshauri hajui hata kama kijana huyu yupo, ila fungu lake kwa wanaotaja jina dukani lilishaingia.

“Si simu inatosha?”

Wapo wanaosema kamera zote ni ushamba, simu inatosha. Wako sahihi nusu. Kama picha zinaishia status na stori za saa 24, simu inatosha kabisa, na hela ya kamera ikae M-Pesa. Hakuna haja ya kununua kifaa ili kuonekana una kifaa.

Lakini simu nyingi za bei ya kawaida zinapoteana sehemu tatu. Kwanza mbali: jahazi likiwa katikati ya mkondo, ukivuta kwa simu linageuka uji, wakati RX100 VII inavuta kwa lenzi yenyewe kutoka milimita 24 mpaka 200. Pili gizani: ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba kuna kivuli kizito na nje jua linawaka, simu inachagua kimoja na kuua kingine. Tatu betri: simu ndiyo nauli, ramani na mawasiliano. Ikizimika Nangurukuru, safari imezimika.

Anayeamua kununua aanze na senso, ile sehemu inayopokea mwanga. Senso ya inchi moja, kama ya RX100 na G7 X, ina eneo karibu mara nne ya ile ya kamera ndogo za kizamani. Ricoh GR III inazizidi hata hizo kwa ukubwa wa senso, ila haina zumu wala flashi. Mwenye nayo anavuta kwa miguu yake. G7 X haina tundu la kuchungulia, na kwenye jua la pwani kioo peke yake kinasumbua macho. RX100 VII inalo.

Aangalie umeme pia. Kwa vipimo vya watengenezaji, hizi tatu zinapiga kati ya picha 200 na 260 tu kwa chaji moja. Betri ya pili siyo anasa. Ricoh inakula chaji ya USB-C hata kwenye pawabenki. G7 X Mark III ni mchaguzi, haikubali kila chaja.

Na mchanga ndio adui mkubwa kuliko wezi. Lenzi hizi zinatoka na kuingia, chembe ikikwama pale kwenye shingo, kwisha habari. Anayenunua iliyotumika aiwashe na kuizima mara kumi mbele ya muuzaji, asikilize lenzi kama inakwaruza. Anayeshinda majini atafute za kuzamia kama Olympus TG-6, gramu 253, inayoshuka mita 15. Senso yake ndogo, ndiyo, lakini kamera iliyo hai inaishinda iliyokufa kwa chumvi.

Kuna mitego miwili. Mmoja ni vile vikamera visivyo na ukoo vinavyoandikwa megapikseli 48 kwa bei ya viatu. Ile namba mara nyingi imepulizwa na programu, picha inatoka kama imechorwa kwa mkaa. Mwingine ni fasheni. G7 X Mark III ilitoka mwaka 2019 kwa dola 749. TikTok ilipoipandisha chati, watu wakaanza kuilipia zaidi ya bei ya upya wake. Fujifilm X100VI ya mwaka 2024 ni nzuri mno, lakini ni gramu 521 na ilitoka kwa dola 1,599. Hiyo siyo ya mfukoni, labda mfuko wa koti, na Lindi nani anavaa koti?

Povu linakubalika

Mashabiki wa dada watasema ni wivu. Watasema wapiga picha wa kweli wanatumia mashine kubwa. Kweli kabisa, na hawagombwi. Anayepiga simba kutoka mbali au harusi ya watu mia tano anahitaji kilo zake tatu, na anazibeba mwenyewe mpaka mgongo unauma. Huyo ni fundi na ile ni jembe lake. Tatizo ni anayezungusha jembe la watu kama kikuku, halafu anamwambia kijana wa Mtama kwamba bila jembe hilo yeye si msafiri.

Kusini imechekwa vya kutosha kwamba ni mbali, barabara mbovu, watu wa korosho. Picha za kuibadilisha hazitatoka kwa mgeni wa siku tatu mwenye mbebaji. Zitatoka kwa kijana anayeamka hapohapo, kamera mfukoni, anayejua mzee yupi anashona nyavu na mama yupi anabangua korosho barazani, na anayeandika majina yao chini ya picha.

Kwa hiyo kabla ya kutaja jina la staa dukani, kijana aiweke kamera mfukoni, atembee nayo kutoka stendi mpaka nyumbani na kurudi. Ikiwa njiani anatamani mtu amsaidie kubeba, hiyo siyo ya kwake. Airudishe kabatini kwa muuzaji.

Wadau wa Mtama, Kilwa na Lindi, mnatembea na kamera gani? Na nani anaibeba?