Mbwa Asiye na Kibati Shingoni

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Serikali yetu ya Tanzania imeuzingatia usemi huo katika mengi. Tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na ng'ombe wamevishwa hereni. Pikipiki ina namba. Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole. Lakini mbwa, anayelala mlangoni petu na kuzurura mtaani usiku kucha, aghalabu hana hata kibati shingoni.

Wapo watakaoliona jambo hili kuwa anasa ya wenye nafasi. Naomba tulitazame kwa upande wa mtoto aliyeumwa na mbwa akitoka shuleni. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba mbwa ndio chanzo cha takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa watu. Jeraha lapaswa kuoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi, na chanjo kuanza bila kusubiri. Hata hivyo, kuna swali lisiloepukika: mbwa huyo ni wa nani?

Akijulikana, kadi yake ya chanjo itatafutwa, naye atafungiwa na kuchunguzwa kwa siku 10. Akimaliza siku hizo akiwa mzima, daktari anaweza kusitisha dozi zilizobaki, na wazazi wakapata usingizi. Asipojulikana, familia hubeba gharama yote na hofu yote. Kibati kidogo chenye namba ya simu kingeweza kuibadili hali hiyo.

Hapa ndipo ulipo ukweli tusiopenda kuusema. Mbwa akilinda nyumba, ni wetu. Akiuma mtu, ni mbwa koko. Kutomtambulisha mbwa kumekuwa njia rahisi ya kufaidi ulinzi wake na kukana madhara yake. Kibati humrudisha mbwa aliyepotea kwa mwenyewe, lakini pia humrudisha mwenyewe kwenye wajibu wake. Nadhani hii sababu ya pili ndiyo inayotufanya tukikwepe.

Mbwa naye hudhulumiwa. Halmashauri inapoamua kuwaua mbwa wazururaji, mbwa aliyechanjwa, aliyetoroka kwa sababu geti lilisahauliwa wazi, huuawa pamoja na wengine, kwa kuwa hana cha kumtofautisha. Hasara hiyo si ya mwenye mbwa peke yake. Wataalamu wameeleza kwamba kichaa cha mbwa hudhibitiwa kwa kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, wala si kwa kuwaua ovyo. Kila mbwa aliyechanjwa akiuawa, tumebomoa sehemu ya ukuta wetu wenyewe.

Zipo nchi zilizokwenda mbali zaidi. England iliagiza tangu Aprili 2016 kwamba mbwa wote wawekewe chini ya ngozi kifaa chenye ukubwa wa punje ya mchele, chenye namba inayosomwa kwa mashine. Sisi hatuhitaji kuanzia huko, kwani kifaa hicho hakina maana pasipo mashine ya kukisoma na daftari la kuhifadhi namba. Mkanda imara na kibati kilichochongwa namba ya simu husomwa na yeyote, hata mtoto wa darasa la tatu.

Pendekezo langu ni hili. Siku ya chanjo, afisa mifugo wa kata amvishe kila mbwa kibati chenye namba, na namba hiyo iandikwe katika daftari la ofisi ya mtaa au kijiji pamoja na jina la mwenye mbwa. Halmashauri zitenge fedha za vibati katika bajeti ileile ya chanjo. Mwenye mbwa, kwa upande wake, asisubiri sheria: aandike namba yake leo, na aukague mkanda mara kwa mara ili usimkabe mbwa anayekua.

Anayeona haya kuandika jina lake kwenye shingo ya mbwa wake hana budi kujiuliza kama anastahili kumfuga.