Sare ya Uhuru Ilitoka Wapi?

Kila mwaka ifikapo Oktoba, vikundi vyetu huanza kuulizana swali lile lile: tarehe 9 Desemba tuvae nini? Leo ninayo habari juu ya jambo hilo, na mkosaji katika habari hii ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2021 Tanzania Bara ilitimiza miaka 60 ya Uhuru. Kikundi chetu cha akina mama kanisani kilipangiwa kuimba katika ibada ya shukrani, nami nikiwa katibu nilipewa kazi ya kutafuta sare. Nilikwenda mjini siku nilipotoka zamu ya usiku, usingizi bado umo machoni. Muuzaji akanitandikia kitenge cha kijani, manjano, nyeusi na bluu, rangi zote za bendera yetu, kinang'aa kama kioo. Bei yake ilikuwa pungufu kwa shilingi 4,000 kwa kila mama kuliko kanga za pamba nilizoonyeshwa duka la jirani. Tulikuwa akina mama 32. Nilipiga hesabu, nikafurahi, nikalipa. Kwa watoto wa shule ya Jumapili nikachukua fulana zilizokwisha kushonwa, zenye picha ya Mwenge kifuani, pamoja na vijibendera vya plastiki. Vyote vilitoka ng'ambo kwa meli. Sikuona ajabu yoyote.

Siku chache kabla ya sikukuu nilikuwa zamu leba. Akaletwa mama mmoja wa kikundi chetu, uchungu umemwanza kabla ya siku zake. Mama mwenzangu, wewe unajua mfuko wa kujifungulia unavyopangwa: kanga ya kumpokelea mtoto, ya kumfunikia, ya mama mwenyewe. Huyu alitoka nyumbani kwa haraka, akabeba kile alichokikuta juu ya kitanda, yaani sare yetu mpya. Mtoto akazaliwa. Kazi ya kwanza kabisa ni kumkausha, kwa sababu mtoto mbichi hupoteza joto upesi sana, na huyu alikuwa mdogo. Nikamfuta kwa kile kitenge, nikamfuta tena. Kitambaa kiliteleza mwilini mwake kama karatasi ya nailoni, maji yakabaki pale pale. Ilinibidi niombe kanga kuukuu kwa mama wa kitanda cha pili. Ile, iliyofuliwa mpaka jina lake halisomeki, ilikunywa maji yote kwa mara moja.

Mtoto ni mzima, anakimbia hivi sasa. Lakini usiku ule nilikishika kile kitambaa mkononi na kujiuliza nilichowanunulia wenzangu ni kitu gani.

Jambo la pili nililiona siku ya sikukuu yenyewe. Katika mstari wa waimbaji alisimama mwenzetu ambaye ni fundi cherehani. Amejifunza kazi hiyo tangu ujana, na kila Desemba hutegemea kushona magauni yetu na nguo za watoto ili Januari apate sare na madaftari ya wanawe. Mwaka ule alikopa nyuzi na vifungo akitarajia kazi. Fulana za watoto zilikuja zimeshonwa tayari. Akina mama nao, kwa kuwa kitambaa kile kiliteleza na kukunjamana chini ya sindano, wengi walijifunga tu bila kukishona. Aliimba pamoja nasi hadi mwisho, wala hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Sasa nisieleweke vibaya. Sisemi kila kitu cha nje ni kibaya. Kanga zenyewe, vazi letu la heshima, zilianza pwani katika karne ya 19 kwa leso za kigeni zilizounganishwa, na kwa miaka mingi zilichapwa India, Ulaya na hata Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 na ambacho mama zetu walikionea fahari, kilijengwa kwa msaada wa China. Tena nilipoileta hoja hii kikundini, mama mmoja mzee alinikata kauli: "Wewe mwanangu hukupanga foleni ya kanga." Akatueleza jinsi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walivyoamkia duka la ushirika alfajiri na kurudi mikono mitupu, na jinsi nguo za mitumba zilivyokuwa nafuu kubwa biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile. Nilinyamaza. Mwenye watoto sita hawezi kuambiwa anunue uzalendo wakati hana sabuni.

Hata hivyo kuna jambo linaniuma. Pamba yetu huanza kupandwa kanda ya Ziwa kati ya Novemba na Desemba. Wakati sisi tunapandisha bendera, wakulima wa Simiyu na Shinyanga wako shambani na mbegu zao. Sehemu kubwa ya pamba hiyo, ikishatoka kwenye vinu vya kuchambulia, husafirishwa nje bila kusokotwa hata uzi. Tunauza pamba, kisha siku ya Uhuru tunajifunga nailoni. Ile 4,000 niliyookoa kwa kila mama, mara 32, ni shilingi 128,000. Kwa fundi wetu fedha hiyo ingekuwa Januari nzima.

Kabla hujatoa fedha ya kikundi, omba kipande kidogo cha kitambaa ukakijaribu. Kidondoshee maji: pamba huyanywa, poliesta huyaacha yakitiririka. Chomoa nyuzi mbili tatu uziunguze mbali na watoto. Za pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, za poliesta huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Tazama pia ukingoni, kwani mara nyingi jina la kiwanda huchapwa pale. Na kanga ya mtoto mchanga, hata ikiwa ya pamba tupu, ifue kwanza ili ule wanga wa dukani utoke.

Baada ya majadiliano marefu, na yule mama mzee akiwa mwenyekiti wa kikao, tumekubaliana hivi. Sare ya safari hii ni doti moja ya kanga ya pamba iliyochapwa hapa nchini, na tutaivaa miaka mitatu bila kubadilisha. Kila mmoja anaweka shilingi 1,000 kwa wiki. Asiyeweza atavaa kanga yoyote aliyo nayo, na hakuna atakayemwuliza. Watoto hawatanunuliwa fulana: watashonewa mikanda ya begani ya rangi za bendera kutoka kwenye vipande vinavyobaki kwa fundi.

Yeye ameomba kitu kimoja tu. Vitambaa vimfikie kabla ya tarehe 15 Novemba, maana cherehani yake ni ya kukanyaga kwa miguu, na mwaka huu hataki kushona usiku.