Viti vya Matanga Huwekwa Nje



Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, nyumba yetu hapa Ixelles ilinyamaza. Tunaishi ghorofa ya tatu, nyuma kidogo ya uwanja wa Flagey. Baba alikaa sebuleni na simu yake, mama jikoni na yake, mimi chumbani na yangu. Shangazi, dada yake baba, hakupatikana kwa siku nne. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu, kwao mama, na tukaanza upya: nani amepigiwa, nani hajajibu, nani amevuka mpaka.

Lakini kilichonitia hofu zaidi kilitoka kwa mdogo wangu, mwenye miaka minane. Jioni moja nilimwomba, kwa mchezo tu, anitajie maneno yote ya Kiswahili anayoyajua. Akaanza kuhesabu kwa vidole: risasi, bomu, kimbia, maiti, mkimbizi. Kisha akaniambia kwa Kifaransa kwamba amechoka. Mpira kwake ni Kifaransa, utani ni Kifaransa, rafiki zake wote ni Kifaransa. Kiswahili kilikuwa kimebaki lugha ya simu za usiku. Nilijiuliza: mimi ninakaa darasani kujifunza ngeli za lugha ya wazazi wangu, na nyumbani kwetu lugha hiyohiyo inamtisha mtoto. Kuna faida gani?

Ndiyo maana ninaandika makala haya. Naamini kwamba nyakati kama hizi familia zetu zinahitaji kutoka nje pamoja, kwa miguu, bila shughuli yoyote. Najua wazazi wengi wataona ni upuuzi. Wangu pia waliona hivyo.

Jumapili moja ya Machi nilisema, "Twendeni kutembea." Mama akauliza, "Kwa nani?" Lilikuwa swali la haki. Kwetu kutembea ni kwenda kumwona mtu, na unakwenda na kitu mkononi. Kuzunguka maji na kurudi nyumbani bila kumsalimu mtu ni mambo ya wenye mbwa. Nilipomwambia tunakwenda kwenye mabwawa tu, alikasirika kweli: "Batu banakufa, na sisi tunaenda kutembea?" (Walimu mtusamehe hiyo ba-. Ndivyo tunavyosema kwetu.)

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikumbuka tu Machi 2020, wakati wa korona, nilipokuwa na miaka 15. Serikali ya Ubelgiji ilitufungia ndani lakini ikaruhusu watu wanaoishi pamoja kutoka kwenda kutembea. Msitu wa La Cambre ulifungwa kwa magari, na barabara zake zikawa za watoto na baiskeli. Tulitembea huko karibu kila siku, na baba alinisimulia mambo ambayo hajawahi kunisimulia tukiwa tumekaa mezani. Amri zilipolegezwa, tukaacha. Sasa nilitaka turudie.

Mwishowe tulitoka, mama akiwa amenuna. Soko la Jumapili pale uwanjani lilikuwa linafungwa, na watu walikuwa wamepanga foleni kwenye kibanda cha chipsi. Tukapita chini ya lile jengo la zamani la redio linalofanana na meli, tukafika kwenye bwawa la kwanza. Baba akalitazama muda mrefu, akasema, "Hii haiko ziwa. Iko beseni."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza siku ile yasiyohusu vita. Akaendelea. Akatueleza Ziwa Kivu jinsi alivyolijua utotoni: wavuvi wakitoka jioni na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakiimba ili wapige makasia kwa pamoja, na taa zao zikiwaka majini usiku kucha kuwavuta sambaza. Mdogo wangu akauliza sambaza ni nini. Mama, ambaye hakutaka kuja, ndiye aliyejibu: jinsi wanavyokaangwa, jinsi wanavyoliwa na kichwa chake, na kwa nini wa Bukavu ni watamu kuliko wa Goma. Baba akapinga. Wakabishana mpaka bwawa la pili.

Huko tukakuta ndege wa rangi ya kahawia wenye duara jeusi-jekundu kuzunguka jicho. Baba akasimama. "Hao nawajua!" Ni bata bukini wa Misri, ndege wa maziwa na mito ya Afrika. Walioletwa Ulaya walifugwa kwa ajili ya urembo, wakatoroka, wakazaana, na leo wamejaa kwenye mabwawa ya Brussels. Mdogo wangu akawatazama, akamgeukia baba, akauliza kwa Kiswahili: "Huyu ndege alikuja na ndege?"

Baba alicheka hadi akashika reli ya bwawa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Januari. Na mtoto, alipoona amemchekesha baba kwa Kiswahili, alirudia utani ule mara tano, na jioni akampigia shangazi kumsimulia. Shangazi naye, Goma, akacheka.

Sasa nirudi kwenye hasira ya mama, kwa sababu najua wengi wenu mnaisikia nyumbani. Je, si aibu kufurahi wakati ndugu zetu wanateseka? Nimelifikiria sana, na jibu nimelipata katika desturi yetu wenyewe. Mtu akifiwa kwetu, hatumfungii ndani na huzuni yake. Viti vinawekwa nje, turubai linafungwa, majirani wanakuja. Wanalia, kisha wanakula, kisha kuna anayekumbuka kichekesho cha marehemu na watu wanacheka, na hakuna anayesema wamekosa heshima. Wazee waliopanga matanga hivyo walijua kwamba huzuni ya mtu aliye peke yake ndani humla. Sisi wa Brussels tumebadilisha desturi hiyo bila kujua: kila mmoja anafanya matanga yake kwenye simu, mlango umefungwa. Hiyo siyo heshima kwa Goma. Shangazi hakutuomba tukae gizani.

Sitaki kutia chumvi. Kutembea hakusimamishi vita. Benki za Goma zilipofungwa, kuzunguka bwawa hakukumfikishia shangazi hela, na hakukuwa badala ya maandamano ambayo wengi wetu tulishiriki hapa mjini. Pia najua kuna wazazi wanaosafisha ofisi Jumapili, na wengine ambao wakimwona polisi barabarani wanakumbuka karatasi zao. Siwezi kuwaambia watu hao kwamba hewa safi inatosha. Ninachosema ni kidogo: saa moja kwa wiki, simu mfukoni, wote mkitazama upande mmoja. Anayetembea kando yako hakukazii macho, kwa hiyo maneno magumu yanatoka kwa urahisi zaidi. Na mvua ikinyesha, kama inavyonyesha hapa, mnapata la kulalamikia pamoja.

Kwa sisi wanafunzi kuna sababu nyingine. Darasani tunapata sarufi, na ninawashukuru walimu. Lakini neno "kasia" nililisoma kwenye orodha na kulisahau. Nililikumbuka baba alipolipiga hewani kwa mikono yake, watu wakimshangaa. Lugha ya urithi ikiachiwa taarifa za habari peke yake, wadogo zetu wataikimbia, na hatutakuwa na haki ya kuwalaumu.

Basi napendekeza klabu yetu ianzishe matembezi ya Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa nane mchana, tukianzia kwenye sanamu ya ukumbusho ya Charles De Coster kando ya bwawa, mpaka abasia ya La Cambre na kurudi. Anayetoka Matonge ashuke kwa miguu au apande basi 71. Leteni wazazi, leteni wadogo zenu, na mwenye bibi amlete bibi, benchi zipo. Hakuna mtihani na hakuna atakayesahihishwa, hata akisema "batu".

Mama yangu amesema atakuja. Ameuliza tu kama ni lazima kubeba kitu mkononi. Nimemwambia alete sambaza, akiwapata Matonge.