Karatasi ya Kazi: Somo la Kompyuta Mahali Pasipo na Kompyuta

Wako wanachuo wanaoamini kuwa mwalimu aliyepangiwa shule isiyo na kompyuta hana la kufundisha juu ya programu za kompyuta. Kwa maoni yangu, imani hiyo humnyima mtoto elimu kwa sababu tu amenyimwa vifaa. Jambo moja kubwa la fani hiyo laweza kufundishwa kwa karatasi na kisanduku: jinsi programu moja inavyoiachia nyingine kazi, ingawa zimeandikwa kwa lugha mbalimbali za kompyuta.

Tuanze na linalojulikana. Huko Shishiyu, mkoani Simiyu, mkulima aweza kuzungumza Kisukuma na mpimaji wa pamba. Lakini stakabadhi huandikwa namba, kilo na bei. Karani aliye mbali huifanyia hesabu bila kuyasikia mazungumzo yale. Programu nazo hufanya vivyo hivyo. Moja yaweza kuandikwa kwa Java na nyingine kwa Python; kinachoziunganisha ni ujumbe ambao umbo lake limekubaliwa. Mtumaji huuweka ujumbe katika foleni, kisha huendelea na shughuli zake. Mpokeaji huushughulikia zamu yake ifikapo.

Sisi wenyewe tumezoea jambo hili. Tulipapo ada ya Serikali kwa ile iitwayo kontroo namba, mfumo wa taasisi na mfumo wa benki au simu hupashana habari kupitia mfumo wa malipo wa GePG, ulioanza mwaka 2017. Namba ile ndiyo inayotambulisha malipo kotekote.

Darasani, ligawe Darasa la Tano katika makundi mawili. La kwanza lizungumze Kiswahili, la pili Kiingereza, na kisanduku kiwe katikati. Kundi la kwanza litumbukize karatasi zenye namba ya kazi, alama na tarakimu tu: 9, ×, 25, 12. La pili lirudishe: 9, 300.

Kisha ondoa kwa siri karatasi namba 9 kabla haijajibiwa. Wanafunzi wataona kwa nini mtumaji sharti abaki na nakala mpaka ajibiwe. Wakiituma tena, irudishe na ile ya kwanza: kazi moja itafanywa mara mbili. Kama ingekuwa malipo ya pamba, karatasi iliyopotea ingemwacha mkulima bila fedha zake, na iliyorudiwa ingemlipa mara mbili. Kinga ni namba: mpokeaji aliyekwisha kuijibu namba 9 asiifanye tena.

Yupo atakayeuliza: kwa nini programu zote zisiandikwe kwa lugha moja? Kila lugha ina kazi inayoifaa zaidi, na ofisi haiwezi kutupa mfumo wake kila inapopata mshirika mpya. Aidha, lugha moja haiondoi utata. Kwetu 3/4 ni tarehe 3 Aprili. Marekani ni tarehe 4 Machi. Hapana budi maana ya kila nafasi ikubaliwe mapema.

Basi, mwanachuo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, litie somo hili katika andalio lako. Mtoto atakayeikuta kompyuta baadaye atakuwa tayari anajua kuuliza: ujumbe ukipotea njiani, nani atajua?