Mama wa Kambo wa Walowezi

Wako wasemao hata leo kwamba utawala wa Hitler, pamoja na maovu yake yote, uliwatunza Wajerumani wa ng'ambo kama mama atunzavyo wanawe. Dai hilo lipimwe Rudewa, katika Wilaya ya Kilosa, wala si Berlin.

Hiyo ni nchi ya Usagara, aliyoijia Carl Peters mwaka 1884 na karatasi zake. Tarehe 29 Novemba Mangungo wa Msovero aliwekeana naye mkataba ulioitwa wa urafiki wa milele, na kwa hadaa ya urafiki huo nchi ikatolewa. Mwaka 1897 Ujerumani yenyewe ilimfukuza Peters kazini kwa sababu ya kuwanyonga Waafrika huko Kilimanjaro. Mwaka 1937 Hitler alimrudishia heshima yake. Anayetaka kujua dola ile iliwatakia nini walowezi wake, na atazame kwanza ilimtukuza nani.

Walowezi hao waliruhusiwa kurejea Tanganyika tangu 1925, wakalima mkonge na kahawa chini ya bendera ya Mwingereza. Baada ya 1933 chama cha Nazi kikawafuata. Idara yake ya ng'ambo iliongozwa na Ernst Wilhelm Bohle, mzaliwa wa Bradford, Uingereza (ajabu ya mlinzi wa damu ya Kijerumani!), naye mwaka 1937 akatiwa katika wizara ya mambo ya nje. Tangu hapo shamba la mkulima likawa hoja ya kudaia koloni, na mkulima mwenyewe akawa kete.

Na huyo mama aliwachagua wanawe. Kwa amri ya 25 Novemba 1941 kila Myahudi wa Kijerumani aliyekuwa akikaa ng'ambo alivuliwa uraia na mali yake ikachukuliwa. Hao waliosalia kuitwa wana nao walinufaika nini? Septemba 1939 Waingereza waliwakamata, mashamba yakatiwa chini ya msimamizi wa mali ya adui, wengine wakapelekwa kambini Afrika ya Kusini. Berlin haikuwa na la kuwafaa. Mwaka 1941 ilitoa filamu ya kumsifu Peters.

London nayo isijitakase. Machi 1938 balozi wake alimpelekea Hitler shauri la kugawana upya makoloni ya Afrika ya Kati, kana kwamba hayana wenyewe. Wasagara na Wakaguru hawakuulizwa, kama wasivyoulizwa baada ya vita vya kwanza, mashamba ya Wajerumani yaliponadiwa na kununuliwa na Wagiriki, Wahindi na Waingereza.