Sproketi Moja ya Mbele Yatosha

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu la muhula huu, nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wanafunzi wenye baiskeli hubishana juu yake kila jioni, na ambalo wazazi wetu hulilipia fedha pasipo kulichungua. Jambo lenyewe ni hili: baiskeli ya milimani yafaa iwe na sproketi ngapi mbele, pale kwenye pedeli? Wengi husema tatu. Mimi nasema moja, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza nieleze ni baiskeli ipi ninayoizungumzia. Sisemi habari za baiskeli nyeusi ya mizigo, ile ichukuayo kabichi kutoka shambani mpaka sokoni. Hiyo tangu zamani ina sproketi moja mbele na moja nyuma, wala haina ugomvi na mtu. Nasema habari za baiskeli yenye tairi pana, yenye shokapu katika uma wa mbele tu, na nyuma fremu yake imekaza bila springi. Baiskeli za namna hii aghalabu hutufikia zikiwa mitumba, na nyingi zina sproketi tatu mbele na saba nyuma. Muuzaji huzidisha tatu kwa saba, akatangaza kwa sauti kubwa, "Gia ishirini na moja!" Mzazi aliyeuza maharage ya msimu mzima husikia hesabu hiyo akaona amepata bahati. Lakini wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hebu tuipime hesabu hiyo kwa kalamu. Ukigawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya ile ya nyuma, jibu lakuonyesha gurudumu litazunguka mara ngapi pedeli zikizunguka mara moja. Tuchukue baiskeli yenye meno 42, 34 na 24 mbele, na nyuma meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 34. Ukiweka 34 kwa 34 wapata 1. Ukiweka 24 kwa 24 wapata 1 vile vile. 42 kwa 20 ni 2.1, na 34 kwa 16 ni 2.125. Tena 42 kwa 24, 34 kwa 20 na 24 kwa 14 ni 1.75, 1.7 na 1.71, hakuna mguu wa mwanadamu uwezao kuzipambanua hizo tatu. Ukiziondoa zinazofanana, zabaki gia kama 14 tu. Na hata katika hizo, zipo ambazo huifanya cheni iende mshazari na kulika upesi, kwa hiyo fundi mwenye akili hukukataza kuzitumia. Basi zile 21 ziko wapi?

Yafaa pia tujue asili ya mambo haya. Mashindano mashuhuri ya mwanzo ya baiskeli za mlimani yalianza mwaka 1976 huko Marin County, California, katika nchi ya Marekani, kwenye mteremko ulioitwa Repack. Vijana wa huko walishuka kwa baiskeli kuukuu nzito, nyingi hazina gia, zenye breki ya kukanyaga kinyume. Breki ilipata moto hata grisi ikaungua ndani ya habu, ikabidi waijaze upya. Ndipo jina hilo lilipotokea. Baadaye walitaka kupanda kilima wala si kushuka tu, wakaongeza gia. Baiskeli ya Stumpjumper, iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na sproketi tatu mbele na tano nyuma. Kwa wakati ule hapakuwa na njia nyingine, maana sproketi za nyuma zilikuwa chache na ndogo. Lakini mwaka 2012 kampuni ya SRAM ilitoa mtambo wa XX1, wenye sproketi moja mbele na 11 nyuma, kuanzia meno 10 hata 42. Mwaka 2016 ikatoa wa sproketi 12 nyuma, na mwaka 2018 Shimano ya Japani ikafanya vivyo hivyo. Siku hizi baiskeli nyingi mpya za milimani zilizo nzuri huja na sproketi moja tu mbele. Mazingira yaliyozileta zile tatu yamekwisha kupita.

Sasa nije kwenye sababu kubwa, ambayo wanafunzi wa fizikia wataifahamu mara moja. Unapokanyaga pedeli, cheni ya upande wa juu hukaza kama kamba ya kuvutia ndoo kisimani, na ile ya upande wa chini hulegea. Mkono wa gia wa nyuma huisogeza cheni kwa upande wa chini uliolegea, kwa hiyo kazi yake ni nyepesi. Kidude cha mbele huisukuma kwa upande wa juu, pale pale penye nguvu zote za mguu. Na ni lini mtu hubadili gia ya mbele? Ni pale kilima kinapokuwa kikali, mguu unakanyaga kwa nguvu zote! Ndiyo sababu cheni hudondoka mlimani, au hunasa kati ya sproketi na fremu, hasa wakati wa masika tope jekundu likiwa limeshika kila kitu. Mimi humsaidia mjomba wangu fundi siku za likizo, na asubuhi za mvua nimewaona wanafunzi wengi wakisukuma baiskeli zao, mashati meupe yamejaa grisi, na kengele ya shule imekwisha kulia. Mshika mbili, moja humponyoka.

Wapo watakaouliza, "Je, mlima utapandwaje kwa sproketi moja?" Ni swali la haki, hasa kwetu sisi tuijuao barabara ya Mombo mpaka Lushoto, ambayo hupanda karibu mita 1,000 katika kilomita 30 na kitu, na njia za vijijini ni kali kuliko hiyo. Jibu ni la hesabu. Ile baiskeli ya sproketi tatu, gia yake nyepesi kabisa ni 24 kwa 34, yaani 0.706. Weka sproketi moja ya meno 30 mbele, na nyuma sproketi 11 kuanzia meno 11 hata 42. Gia nyepesi itakuwa 30 kwa 42, yaani 0.714. Ni sawasawa! Kinachopotea ni kidogo upande wa mwendo wa kasi, kwani 30 kwa 11 ni 2.73 badala ya 3. Kwa gurudumu la inchi 29, ambalo mzingo wake ni kama mita 2.3, ukizungusha pedeli mara 80 kwa dakika utakwenda kilomita 30 kwa saa. Atakaye zaidi ya hapo mteremkoni haitaji gia. Anahitaji breki nzima.

Sisemi kwamba jambo hili halina hasara. Sproketi kubwa za nyuma ni ghali. Magurudumu ya zamani yenye friwili ya kufungwa kwa rezi hayazipokei, yataka kubadili habu nzima. Baiskeli nyingine za bei nafuu, sproketi zake tatu zimepigiliwa ribiti pamoja, haziwezi kutenganishwa. Tena sproketi moja ikibeba kazi ya tatu huchakaa mapema. Na mtu aendaye kila siku tambarare ndefu atakuwa na haki ya kupenda hatua ndogo ndogo za gia. Kwa hiyo simshauri mwenye sproketi tatu zilizo nzima azing'oe leo na kumtaabisha baba yake. Namwambia azitumie hata ziishe, ila siku ya kununua nyingine, achague kwa akili.

Na kuchagua kwenyewe ni hivi. Anza na kilima kikali kuliko vyote unachokipanda, wala usianze na tambarare unapotaka kuonekana. Kwa gurudumu la inchi 29 na nyuma meno 42, sproketi ya meno 30 yawafaa wengi wetu; mwenye mzigo achukue ya 28; mwenye miguu ya chuma achukue ya 32. Hakikisha meno ya sproketi hiyo yamepangwa moja nene na moja jembamba, maana ndiyo yashikayo cheni isidondoke. Kisha ipime cheni yako kwa rula: mapande 24 ya cheni mpya hutimiza inchi 12 kamili. Yakizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badili cheni kabla haijazila sproketi zote.

Wazazi wetu wapenzi, mkienda kununua, msiulize baiskeli ina gia ngapi. Hesabuni meno ya sproketi ndogo ya mbele na ya ile kubwa ya nyuma, mgawanye. Jibu hilo ndilo litakalompandisha mtoto wenu mlimani akafika darasani kabla ya kengele. Na mwanafunzi mwenzangu aliye na hoja iliyo bora kuliko yangu, na aiandike muhula ujao. Nitaisoma kwa furaha.

Mwanachama wa Chama cha Baiskeli,
Kidato cha Tatu